Arthur Russell: Msee Alishuka kwa Gari ya Bendi, Akaacha Albamu Moto Nyuma

Kama wewe ni shabiki wa Kanye West, Arthur Russell ushawahi kumskia, ni vile tu hukujua ni yeye. Rudi kwa The Life of Pablo ya 2016, utafute 30 Hours. Kuna sauti ya mwanaume inaelea nyuma ya beat, ni kama mtu anaimba akiwa chumba cha pili na mlango umefungwa nusu. Hiyo sauti imetolewa kwa Answers Me, ngoma ya mwaka 1986. Wakati Kanye anaichukua, mwenye sauti alikuwa ameshakufa karibu miaka 24. Alikufa na miaka 40 tu, bila jina kubwa, na keja yake New York ilikuwa imejaa kanda za muziki zenye dunia haikuwa imeskia.

Wengi wakimjua Arthur, wanamjua kwa vitu viwili. Kuna zile ngoma za disko alitengenezea macluba za New York, na kuna albamu ya sello na mwangwi yenye Kanye alichota. Mimi leo nataka tuongee kuhusu kitu cha tatu, chenye hata mashabiki wake wakali hupita bila kusalimia. Ni albamu ya pop ya magitaa, inaitwa Event Horizon, ya bendi ilikuwa inaitwa The Necessaries. Kwake hiyo bendi ilikuwa kazi ya kando, yaani alikuwa nayo akiwa na mambo mengine manne kwa sufuria. Lakini huwezi kuelewa hiyo albamu bila kujua huyu jamaa alikuwa nani, juu stori yake imejipinda vibaya.

Charles Arthur Russell Junior alizaliwa tarehe 21 Mei 1951, Oskaloosa, mji mdogo wa Iowa, pale katikati ya Marekani kwenye mashamba ya mahindi. Mzae wake alikuwa amehudumu jeshi la maji, akaingia biashara ya bima na akawahi kuwa meya wa huo mji. Mathe alikuwa anacheza sello. Kama hujawahi kuona sello, chukua fidla uilishe mpaka ishibe. Ni kubwa, unaikalisha katikati ya magoti na inatoa sauti nzito, karibu sana na ya mtu. Arthur alishikwa na hiyo ala akiwa mdogo na hakuiacha mpaka kifo.

Ujana wake haukuwa rahisi. Chunusi zilimvamia uso zikamwachia makovu ya maisha, na alikuwa kijana wa aibu, wa vitabu na muziki ya ajabu, kwa mji wenye kila mtu anamjua baba yako. Kabla agonge miaka 20 alikuwa ameshahepa, akaishia San Francisco.

Huko alijiunga na jamii fulani ya Wabuddha, watu wanaishi pamoja chini ya sheria kali. Sello haikukubaliwa saa zote. Sasa unajua alifanya nini? Alikuwa anajifungia ndani ya kabati la nguo na sello yake, anacheza huko gizani akiwa peke yake. Hiyo picha naipenda sana, juu ukiskiza muziki wake wa miaka 15 baadaye, bado uko ndani ya hiyo kabati. Mbali na hiyo, aliingia chuo cha Ali Akbar Khan, yule gwiji wa muziki wa Kihindi, akasoma. Na ni hapo San Francisco alikutana na mshairi Allen Ginsberg, mmoja wa washairi wenye majina makubwa Marekani enzi hizo. Ginsberg anasoma mashairi, Arthur anamchezea sello nyuma.

Mwaka wa 1973 akahamia New York. Akajiandikisha Manhattan School of Music kusoma muziki wa kimasomo, ule wa kuandikwa kwa karatasi. Walimu wa huko hawakumwelewa, na yeye hakuwa na haraka ya kueleweka. Alipata makao mtaa wa East 12th, kwa jengo moja na Ginsberg, na stori inasema stima yake kwa muda ilikuwa inatoka kwa Ginsberg, waya umevutwa kutoka keja moja hadi ingine. Wale wamewahi kuvutiwa stima na jirani wanajua hayo maisha.

Akiwa na miaka 23 hivi alipewa kazi ya kusimamia muziki pale The Kitchen, ukumbi wa sanaa Manhattan. Hapo ilikuwa base ya watu serious, wasanii wa muziki ya kukaa chini, kunyamaza na kufikiria. Arthur akaenda akaita The Modern Lovers, bendi ya roki ya akina Jonathan Richman. Watu wa hapo waliona ni kama amewaletea vurugu kwa maktaba. Kwake haikuwa vurugu. Hakuwa anaona ukuta kati ya muziki wa wasomi na ngoma ya dakika tatu ya kuimba ukiosha vyombo. Kwa kichwa chake vyote vilikuwa kitu kimoja, na hiyo ndo ilimbeba na ndo ilimwangusha.

Kutoka kwa The Modern Lovers alipata rafiki, Ernie Brooks, mpiga besi. Shika hilo jina. Walianzisha pamoja bendi ya The Flying Hearts, pop tamu kabisa. John Hammond, yule mzee wa lebo ya Columbia aliyesaini Bob Dylan na Bruce Springsteen, alimrekodi Arthur majaribio miaka hiyo ya kati ya 70. Fikiria mtu kama huyo anakuita studio. Hakuna albamu ilitoka. Pia Talking Heads walipofanya Psycho Killer ile ya gitaa za mbao, sello unayoiskia hapo ni ya Arthur. Talking Heads wakaenda kuwa Talking Heads. Yeye akarudi kwa keja.

Halafu disko ikampata. Karibu 1976 au 1977 alianza kuenda The Gallery, club ya deejay Nicky Siano, na hiyo kitu ilimbadilisha. Watu wa The Kitchen walikuwa wanatumia masaa kurudia noti moja polepole na kuiita sanaa. Arthur alisimama katikati ya club akaona madeejay wanafanya hiyo hiyo, marudio yale yale, lakini watu wanatoa jasho na wanacheka. Mwaka wa 1978 akadondosha Kiss Me Again kwa jina la Dinosaur, David Byrne wa Talking Heads akiwa kwa gitaa. Ilitoka kwa lebo ya Sire. Mwaka wa 1980 ikafuata Is It All Over My Face, kwa jina la Loose Joints, yeye na deejay Steve D'Acquisto. Hao wawili waliingia studio na watu wa kudensi kutoka The Loft, club ya David Mancuso, wakawaambia waimbe. Wasee hawakuwa waimbaji! Ndo maana hiyo ngoma inaskika kama watu wa ukweli. Larry Levan wa Paradise Garage akaichukua, akaifanyia mix na sauti ya mwanamke mbele, na mpaka leo madeejay wa house bado wanaicheza.

Kufikia hapo, mtu mwingine yeyote angetulia, angechagua njia moja aomoke. Arthur alifanya nini? Akaingia kwa bendi ya magitaa.

The Necessaries hawakuwa bendi yake. Kiongozi alikuwa Ed Tomney, gitaa na sauti. Kwa dramu kulikuwa na Jesse Chamberlain, na kwa besi yule Ernie Brooks. Ernie ndiye alikuwa daraja, na Arthur akaja na kinanda, sello, sauti na nyimbo zake. Hapa tuko 1980 kwenda 1982. Kumbuka mchana anaweza kuwa anaandika muziki wa okestra, jioni ako studio na watu wa disko, na wikendi anabeba vyombo na bendi ya pop kuenda kucheza kwa ukumbi mdogo.

Sire, ile lebo ya Ramones na Talking Heads, iliwapa nafasi. Mwaka wa 1981 ilitoka albamu inaitwa Big Sky. Mwaka uliofuata ikarudi na jina jipya, Event Horizon, baadhi ya nyimbo zikiwa zimetolewa na zingine zimeingizwa. Wewe mwenyewe fikiria unajaribu kuuza kitu cha hivyo. Shabiki anauliza, hii ni mpya ama ni ile ya zamani? Na mwaka huo huo wa 1982, Sire hao hao walikuwa wamesaini dem fulani hajulikani, na mnamo Oktoba wakatoa singo yake ya kwanza. Dem mwenyewe ni Madonna. Sasa kama kulikuwa na doh na nguvu ya kusukuma msanii kwa hiyo ofisi, unajua zilienda wapi.

Lakini skiza albamu yenyewe. Nitakuwa mkweli, si kila wimbo ni wa kukushika shati. Kuna zingine zinaskika kama bendi yoyote ya New York ya hiyo miaka, gitaa kavu, dramu za kukimbia, sauti ya mtu amekunywa kahawa nyingi. Tomney alikuwa mwandishi mzuri na mkono wake uko mahali pengi. Ni wakati Arthur anaingia ndo hewa inabadilika.

Chukua More Real. Ni wimbo mfupi wa mapenzi, magitaa yanalia kama kengele ndogo, hakuna kitu kigumu hapo. Mtoto angeucheza kwa gitaa la kuazima. Lakini sauti yake ni ile ya mtu anakuambia jambo la maana akiangalia viatu vyake. Hajisukumi, hapandi juu kuonyesha mapafu, anaimba karibu kama anaongea, na melodi inapinda mahali hukutarajia halafu inarudi nyumbani bila kelele. Wasee wengi wa pop wa enzi hizo walikuwa wanaimba kama wako kwa jukwaa la uwanja. Huyu anaimba kama mko wawili kwa ngazi za ploti usiku. Bendi kibao za miaka ya baadaye, wale wa gitaa taratibu na hisia nyingi, zilijenga nyumba nzima juu ya huo mtindo. Yeye aliufanya 1982 na hakuna mtu aligeuza kichwa.

Halafu kuna Driving and Talking at the Same Time. Jina peke yake linakupa sinema, watu wawili kwa gari, mmoja anaendesha na mazungumzo yanaendelea. Hicho ndicho kipaji chake mimi naona kimesahaulika. Wengi humsifu kwa kuwa wa ajabu, wa majaribio, wa mwangwi. Sawa. Lakini kuandika wimbo kuhusu kitu kidogo hivyo, kitu umefanya wewe na mimi mara mia, na kufanya kiskike kama ndo siku muhimu ya maisha yako, hiyo ni kazi ngumu kuliko kuweka mwangwi kwa sello. Kwa Event Horizon hakuwa na mahali pa kujificha. Hakuna mix ya dakika kumi, hakuna kabati. Ni wimbo tu, mwanzo, katikati, mwisho, na watu wengine watatu kwa chumba wanangojea amalize.

Na hiyo ya kumalizana na vitu ndo ilikuwa shida.

Bendi ilikuwa imepata shoo kubwa Washington, D.C. Shoo ya maana, yenye ingeweza kufungua milango. Wakapakia vyombo kwa van, wakaingia barabarani. Kutoka Manhattan kuenda huko unapita chini ya mto Hudson kwa shimo linaitwa Holland Tunnel. Gari ilipofika mdomoni mwa hiyo tunnel, Arthur akafungua mlango akaruka nje. Akaondoka. Hivyo tu. Bendi yake ikabaki hapo bila yeye, shoo inangoja, na hakurudi tena kwa The Necessaries.

Nimesoma hiyo stori mara nyingi na kila mara najiuliza alikuwa anafikiria nini mkono ukiwa kwa mlango. Wengine husema alikuwa mbinafsi, na ungekuwa wewe ndo dramer kwa kiti cha nyuma, ungesema vibaya zaidi. Mimi naona hivi. Albamu ikishatoka, kazi yako ni kuzunguka ukiicheza vile ilivyo, usiku baada ya usiku. Kwa Arthur wimbo haukuwa unafika mahali unaitwa umeisha. Alikuwa anaufanya wa gitaa, halafu wa disko, halafu wa sello peke yake, halafu anarudi wa kwanza. Kumwambia sasa utaimba hii version moja mpaka Washington na kurudi ilikuwa kama kumfunga. Simtetei, aliwachoma wenzake. Na Ernie Brooks, mwenye alichomwa pamoja na wengine, aliendelea kuwa rafiki yake na kufanya muziki naye. Hiyo inakuambia kitu kuhusu Arthur ama kuhusu Ernie, sijui ni gani.

Kutoka hapo stori inaenda kasi. Yeye na Will Socolov walianzisha lebo ya Sleeping Bag Records. Go Bang ya 1982, kwa jina la Dinosaur L, ikawa ngoma ya club ya nguvu, François Kevorkian akiwa kwa mix, na kati ya sauti unaskia Julius Eastman, mtunzi mweusi mwenye naye dunia ilimsahau kabisa mpaka juzi. Baadaye lebo hiyo ndo ilikuja kutoa Mantronix, na EPMD wakatokea kwa familia hiyo hiyo ya lebo. Kwa wazee wa hip hop hayo si majina madogo. Lakini wakati doh za hip hop zinaingia, Arthur alikuwa ameshatoka. Unaona venye inaenda? Kila mlango anaufungua yeye, wengine ndo wanapita.

Kulikuwa pia na kazi na Robert Wilson, mwelekezi mkubwa wa tamthilia, alitaka muziki wa mchezo wa Medea. Wakakosana, akatolewa, na muziki wenyewe ukatoka 1983 kama Tower of Meaning kwa lebo ya Philip Glass.

Mambo ya pesa yalikuwa noma. Mpenzi wake, Tom Lee, ndiye alikuwa na kazi ya kueleweka, na ndiye alikuwa analipa bili nyingi za hiyo keja ya East 12th. Waliishi hapo pamoja miaka yote iliyobaki. Tom anarudi kutoka job anamkuta Arthur na kanda, anatoka asubuhi anamwacha na kanda. Siku zingine Arthur alikuwa anatoka na Walkman, anatembea mji mzima akiskiza mix ya jana kuona kama inaendana na mwendo wa barabara. Ama anapanda feri ya Staten Island, anavuka maji na kurudi, headphone kwa masikio. Akifika nyumbani anafuta, anarekodi tena. Geoff Travis wa Rough Trade kule Uingereza alimwamini, akawa anagharamia albamu ya pop. Miaka ikapita. Albamu haikufika.

Kitu kimoja kilifika, World of Echo, 1986. Ni yeye, sello, sauti na mashine za mwangwi. Hakuna dramu, ingawa mwili wako unaskia mdundo usiokuwepo. Ndo kuna hiyo Answers Me. Nyimbo kadhaa humo alikuwa ameshazifanya kama disko, akazivua nguo zote. Wachache waliinunua.

Karibu wakati huo ndo alijua ana virusi vya UKIMWI. Kama umezaliwa ukiwa umezoea kuskia kuhusu ARV, ni ngumu kupata picha ya New York ya hiyo miaka. Dawa zile za kuchanganywa, zenye zilianza kuokoa watu kweli kweli, zilikuja 1996. Kabla ya hapo ulikuwa unahesabu. Watu wa macluba, watu wa The Loft na Paradise Garage, walikuwa wanazikana kila wiki. Arthur aliendelea kurekodi mwili ukizidi kudhoofika, Tom akimtunza. Alifariki tarehe 4 Aprili 1992. Albamu yenye jina lake mwenyewe na sauti yake, iliyotoka akiwa hai, ni ile moja ya mwangwi.

Tom alibaki na kanda zaidi ya 1,000. Angeweza kuzitupa, hakuna mtu angemlaumu, keja za Manhattan si kubwa. Alizitunza. Mwaka wa 1993 ikatoka Another Thought. Kisha kimya cha miaka kumi, halafu 2004 Steve Knutson wa lebo ya Audika akashirikiana na Tom wakatoa Calling Out of Context, zile nyimbo za pop za mashine zenye Rough Trade walikuwa wanangoja. Mwaka huo huo Soul Jazz ya London ikakusanya ngoma zake za disko. Ghafla watu wenye walikuwa watoto wakati anakufa wakaanza kumuita fundi wao. Filamu ya Wild Combination ya Matt Wolf ikafuata 2008, na kitabu cha Tim Lawrence 2009. Mwaka wa 2014 shirika la Red Hot, lile lenye lilitoa albamu ya kumuenzi Fela mwaka 2002 kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, likamfanyia Arthur vivyo hivyo, na Robyn, Sufjan Stevens na Hot Chip wakiimba nyimbo zake. Mwaka wa 2016, ule ule wa Kanye, maktaba kuu ya umma ya New York ikachukua makaratasi na kanda zake.

Katika hayo yote, Event Horizon imekuwa kama mtoto wa kambo. Nadhani najua sababu. Haiingii kwa hadithi. Watu wanampenda Arthur mpweke, Arthur wa feri na Walkman, mtakatifu wa mwangwi. Hapa ako na mabeshte watatu kwa chumba, anapiga kinanda kwa wimbo wa mtu mwingine, anaimba kiitikio, anangojea zamu yake. Hata jina lake haliko mbele ya kava. Ukisema yeye ni fundi wa upweke, hii albamu inakusumbua, juu hapa anaskika akifurahia kampani.

Miaka zaidi ya thelathini baada ya kutoka, lebo ndogo ya Uingereza iliirudisha kwa santuri, na sasa haihitaji kutafutwa kwa maduka ya vumbi. Anza na More Real. Iskize mara mbili, juu mara ya kwanza itakupita. Halafu weka Driving and Talking at the Same Time ukiwa kwa gari, dirishani, usiku, foleni ikiwa imesimama. Ukimaliza hizo mbili ndo uende Answers Me, uskie sauti hiyo hiyo miaka minne baadaye, wenzake hawako tena chumbani.